UZI: Tangu mazao yawe biashara huria, Nyanda za Juu Kusini anafaidi anayeweza kusubiri

Mwana Mbozi (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Naomba tujadili maisha ya huku kwetu, Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, tangu Ujamaa uondoke kwenye biashara ya mazao. Tafadhali tusianze na ule ugomvi wa kila siku, huyu anasema enzi za Mwalimu kulikuwa na heshima, yule anasema enzi za Mwalimu tulivaa viraka. Yote mawili yalikuwepo. Mimi nataka tulifuate gunia la mahindi: linatoka kwa mkulima mwezi gani, linaenda kwa nani, na bei inapopanda liko stoo ya nani. Naamini hapo ndipo tutaona nani ametajirika huku na nani amebaki na jembe la mkono.

Nianzie mbali kidogo kwa ajili ya vijana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa kuanzia katikati ya miaka ya 1970, serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Mbozi, aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawasawa na mkulima wa karibu na Dar. Mbolea nayo ilikuwa na bei moja. Umbali ulikuwa mzigo wa serikali kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC. Ongeza reli ya TAZARA iliyoanza kazi katikati ya miaka hiyohiyo, lami mpaka Tunduma, na utafiti wa mbegu pale Uyole, utaelewa kwa nini Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma ziligeuka kuwa mikoa minne inayolisha taifa. Udongo na mvua tulikuwa navyo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba kulima mahindi ya kwenda kuliwa mbali kulianza kulipa.

Upande wa pili nao siufichi. NMC ilikopa wakulima. Mzee wangu alipeleka magunia, akarudi nyumbani na karatasi. Hela ilikuja baada ya miezi, wakati mwingine msimu mwingine wa kupanda umeshaingia. Maghala yakijaa, mahindi yalirundikwa nje chini ya turubai, mvua ikayakuta hapohapo. Na hela ukishaipata, ununue nini? Baada ya vita ya Kagera ya 1978-79 maduka ya RTC, yaani kampuni za serikali za biashara za mikoa, yalikaa rafu tupu. Watu wa huku walivuka Kasumulu kwenda Malawi na Tunduma kwenda Zambia kutafuta sabuni na sukari, roho mkononi, maana operesheni ya wahujumu uchumi ya 1983 haikuchagua papa wala dagaa.

Hata mahindi yako mwenyewe hukuwa na uhuru nayo. Mpaka 1984, kuvusha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kulihitaji kibali. Kilo 30 ni kama debe moja na nusu. Mwaka huo kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na 1987 kikafutwa kabisa. Wakati huo Mzee Mwinyi ameshaingia, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yamefikiwa 1986, na shilingi inateremka: mwanzoni mwa 1986 dola ilikuwa kama shilingi 17, kufikia 1990 ilikaribia 200. Sabuni ikarudi dukani, mitumba ikajaa minadani, na mtu akapakia mahindi yake kwenye lori bila kumwangalia askari wa geti usoni.

Halafu ikaja zamu ya mbolea. Ruzuku ikakatwa kidogo kidogo, kufikia katikati ya miaka ya 1990 ikawa imekwisha. Bei moja ya mahindi nayo ilishakufa. Zile kilomita 800 zikatoka kwa serikali zikahamia begani kwa mkulima, tena mara mbili: mbolea inapopanda kuja kwetu, na mahindi yanaposhuka kwenda Dar.

Sasa hoja yangu. Mahindi ya huku tunavuna Juni hadi Agosti. Kila mtu anavuna, bei iko chini. Na ndio wakati mkulima mdogo ana shida zake zote kwa pamoja: deni la mbolea, vibarua wa kuvuna, mtoto wa kidato cha tano anaripoti shule, mgonjwa aliyekuwa anasubiri mavuno ndipo apelekwe hospitali. Anauza. Ikifika Februari bei imepanda, yeye hana kitu, anakwenda kununua debe la mahindi kutoka stoo ya yuleyule aliyemuuzia Julai. Nimeliona hilo Vwawa, Mlowo na Igamba, kwa watu wachapakazi ambao shamba lao huwezi kulitoa kasoro.

NMC, na ubovu wake wote, ilinunua wakati wa mavuno na ikabeba yenyewe kazi ya kusubiri. Ilipoondoka, kazi hiyo haikuondoka nayo. Ilichukuliwa na mwenye stoo na mtaji. Nataka tuseme wazi kwamba uhuru wa kuuza tulipewa wote siku moja, ila uwezo wa kutouza mpaka bei ipande wachache tu walikuwa nao. Karibuni, hasa mlioishi kipindi kile.

Kijana wa Soweto:

Mkuu, heshima yako, ila naona unapamba. Mimi nina kibanda cha vifaa vya simu Kabwe, hapa Mbeya mjini. Enzi hizo ningekuwa mzururaji kisheria. Ile Nguvu Kazi ya 1983 ilikamata vijana mjini na kuwapeleka mashambani kwa nguvu. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, la SIDO likaungua 2017, na watu wakaanza upya kwa mitaji yao ya kuungaunga. Hakuna shirika la umma lililokuja kuwainua. Mbeya hii ya leo imejengwa na wafanyabiashara, tena wengi wao walianzia kupanga bidhaa chini kwenye turubai. Mkulima akiona bei mbaya si aache kuuza?

Mwana Mbozi:

Mdogo wangu, aache kuuza halafu mtoto aripoti shule na nini? Hilo ndilo swali lenyewe la uzi huu.

Mstaafu wa Iyunga:

Wanangu, mimi nilikuwa kiwandani hapa Mbeya. Kiwanda sitakitaja, kilishakufa na wenzangu wengine wako hai na madai yao.

Kijana wa Soweto amesema kweli kuhusu Nguvu Kazi, iliwaumiza watu. Ila msidhani sisi tulioajiriwa tulikaa tukingoja mshahara. Mshahara wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukufika tarehe 15. Karibu kila mfanyakazi niliyemjua alikuwa na kashamba Igawilo au Uyole, kuku nyuma ya nyumba, na mama watoto anakaanga maandazi alfajiri. RTC tukisikia sukari imeshuka, foleni tulipanga usiku kwa mawe. Unaweka jiwe lako, unakwenda kulala, asubuhi unasimama nyuma ya jiwe lako na kila mtu analiheshimu. Mche wa sabuni ukipatikana, majirani mnaukata kwa uzi wa kushonea, maana kisu kinaubomoa, na kile kipande cha mwisho kilichokauka watu wanakitegea. Kwa hiyo ruksa ya Mzee Mwinyi ilipokuja haikutufundisha biashara. Biashara tulikuwa nayo uani, ikaruhusiwa kukaa barazani.

Kilichotuvunja ni miaka ya 1990, ubinafsishaji ulipoanza. Tuliitwa kwenye bwalo, tukasomewa majina. Nililipwa kiinua mgongo kwa shilingi ambayo ilishapoteza nguvu. Na hapa namuunga mkono mleta uzi kwa asilimia zote. Wenzangu walikuwa mafundi wazuri kunizidi, wengine walisomea nje. Hela yao iliondoka na kodi ya nyumba na ada. Aliyejaribu mitumba alinunua robota moja, likatoka baya, mtaji ukaishia hapo, hakuwa na la pili. Mimi mama watoto alikuwa muuguzi, ana mshahara wake, na nyumba ilikuwa yetu. Hela yangu iliweza kukaa benki mpaka nikapata mashine ya kusaga na kukoboa, mtumba, nikaifunga Igawilo. Mji unataka sembe, vinu vya shirika vimelala. Mashine ile imesomesha watoto wote.

Watu mtaani walisema mzee yule ana akili ya biashara. Mimi nasema nilikuwa na mke mwenye mshahara.

Mnyalu wa Ilula:

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa sana hapo mwisho.

Mleta uzi, hoja yako ya kusubiri inafaa mahindi na maharage. Sisi Ilula tunalima nyanya. Nyanya ikiiva haina Februari. Tenga likijaa leo, kesho lazima liwe njiani kwenda Dar, na dalali anakupigia simu gari likiwa limeshafika sokoni kwamba "soko limekufa". Utarudisha nyanya Ilula? Unapokea anachosema. Kwetu anayefaidi ni aliyekaa sokoni na kujua bei ya asubuhi. Zamani angalau ulikuwa na kisingizio cha kukosa habari, simu hakuna. Leo simu tunazo, bei tunaisikia, na bado tunauza kwa hasara kwa sababu mzigo hauwezi kusubiri. Hebu lifikirieni na hilo.

Mama Stoo Makambako:

Kamwene wadau. Mimi ndiye huyo mnunuzi wa Julai mnayemsema. Nina stoo Makambako, nanunua mahindi, maharage na viazi mviringo. Nilianza na debe mbili za karanga kwenye ile treni ya kipisi ya TAZARA, naziuza Mlimba narudi na mchele. Reli ile ilitulea wanawake wengi wa vituoni, ndizi zinapanda huku, mahindi yanashuka kule.

Naomba nieleze lumbesa, maana kila mtu anatutukana bila kujua linavyofanya kazi. Gunia la viazi likishajaa mpaka mdomoni, halifungwi. Linaongezewa viazi juu, linazungushiwa kamba ya katani au kipande cha neti, linafungwa kichwa kinachokaribia kulingana na gunia lenyewe. Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lile lililofungwa kichwa linazidi vizuri tu, na mkulima analipwa gunia moja. Ni wizi? Kwa mkulima ndiyo, ni wizi, sitabisha. Lakini angalia kwa nini halifi. Mbebaji anatoza kwa gunia. Lori linatoza kwa gunia. Ushuru getini kwa miaka mingi umehesabiwa kwa gunia. Mnunuzi wa Dar naye anahesabu gunia, na ukimpelekea lililofungwa kisheria anakuacha anakwenda kwa mwenye kichwa. Kila mkono unaopita unahesabu gunia, hakuna anayepima kilo. Weka mizani kijijini na mizani sokoni Dar, siku hiyohiyo lumbesa litakufa. Ukiweka mgambo barabarani peke yake unaongeza rushwa tu.

Kuhusu kusubiri, mleta uzi umesema kama vile mwenye stoo analala usingizi. Dumuzi, yule mdudu mharibifu wa nafaka, akiingia kwenye mahindi, ndani ya miezi mitatu unafungua gunia unakuta unga. Dawa ni hela, kodi ya stoo ni hela, mkopo una riba kila mwezi. Na kuna serikali. Katikati ya 2017 ilizuia kupeleka mahindi nje ya nchi wakati stoo zetu zimejaa. Bei ilianguka, wanunuzi wa Kenya na kwingineko hawakuingia, tukauza chini ya tulivyonunua. Wapo walionyang'anywa nyumba na wakopeshaji. Sisemi tuhurumiwe kuliko mkulima. Nasema tu kusubiri kunagharimu, na ndiyo maana mkulima wa ekari mbili hawezi peke yake.

Mjukuu wa Tukuyu:

Mama, ndaga fijo. Hili la gunia sikuwahi kuelezwa hivi.

Mwana Mbozi:

Mama Stoo, asante sana. Umeeleza kwa uaminifu ambao wengi hawana, na hapo kwenye mizani sina la kuongeza.

Kuna waliokuja PM wakiniuliza kama nataka turudi kwenye vijiji vya Ujamaa. Hapana. Mkoa wetu wa Iringa wa zamani unajua gharama yake. Isimani ilikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi wenye matrekta, na walipoambiwa mashamba yawe ya kijiji, siku ya Krismasi 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, naye baadaye akanyongwa. Watu wawili waliopotea kwa sababu ya shamba. Operesheni za vijiji zilizofuata ziliwahamisha watu wakiacha migomba na makaburi ya wazee wao. Simtakii mtu yeyote yale.

Ninachosema ni kwamba tulipofuta shirika, tulifuta mambo matatu kwa mpigo: mnunuzi wa uhakika, msafirishaji, na mtunza ghala. Sekta binafsi ilichukua usafirishaji haraka sana, maana una faida ya papo kwa papo. Tazama Mbalizi na Uyole, Fuso na semi mchana na usiku. Lakini mnunuzi wa uhakika hatukumpata, NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, inanunua kiasi chake na wenye magunia machache mara nyingi hawaifikii. Na ghala la mkulima mdogo hakuna aliyelijenga kwa wingi unaohitajika. Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005, unaweka mzigo, unapewa karatasi yenye thamani, unakopea. Kahawa yetu ya Mbozi na kakao ya Kyela zinapita kwenye vyama na minada, na bei ya kakao duniani iliporuka 2024 Wanyakyusa wa Kyela waliiona mfukoni. Mahindi, ambayo kila nyumba inalima, bado yanauzwa kwa njaa ya Julai.

Mbolea angalau imesogea. Agosti 2022, hapahapa Mbeya kwenye Nane Nane, Rais Samia alizindua ruzuku, na mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umefika shilingi 131,000 ukawekwa 70,000. Ule ulikuwa msaada mkubwa, nimeona mashamba yakirudi kijani. Lakini mfuko nafuu wa Novemba unazaa mahindi mengi ya Julai, na mahindi mengi ya Julai yakikosa pa kusubiri yanazidi kushusha bei. Tumepunguza mzigo wa bega moja.

Ndugu wa Ilula, suala la nyanya ni gumu kuliko langu, nakiri halitatuliwi na ghala la mahindi. Lifungulie uzi wake, nitakuja.

Mama Kikundi Rungwe:

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nimesoma kimya tangu jana. Nina jambo dogo la vitendo.

Sisi tuna VICOBA huku Rungwe, wanawake watupu, tunalima mahindi, maharage, wengine chai na ndizi. Kama vikundi vingi tulikuwa tunavunja Desemba. Hela inagawanywa kabla ya sikukuu, na mnajua Desemba inavyokula: nguo za watoto, kreti za soda, nauli za kwenda kwa wakwe. Januari watu wanakopa upya kununua mbolea ya kukuzia, Julai wanauza mahindi ili warudishe. Mwenzetu mmoja, ambaye mume wake alikuwa karani wa ushirika zamani, akauliza kwenye kikao: kwa nini hela yetu inakuja wakati hatuna mzigo wa kulinda?

Tukabishana sana. Mwishowe tukahamisha kuvunja kutoka Desemba kwenda mwishoni mwa Juni. Sasa mavuno yanapoingia kila mmoja ana hela mkononi ya vibarua, ya shule na ya deni la mbolea. Mahindi yanakaa. Sio wote waliofaulu, wawili walitoka kwenye kikundi kwa sababu Krismasi bila hela waliiona aibu kwa ndugu. Lakini waliobaki wanauza Januari na Februari, tena wakati mwingine kwa pamoja, na mnunuzi ndiye anapiga simu. Mama mmoja ameezeka bati kwa tofauti ya bei ya msimu mmoja. Mjane yule, hana ng'ombe, hana mume, hana mtoto mjini.

Kwa ajili ya dumuzi tunatumia mifuko isiyopitisha hewa. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, ila ukiitunza panya asiitoboe unairudia msimu wa pili.

Mstaafu wa Iyunga:

Mwanangu, hilo la kuhamisha tarehe ya kuvunja lingetuokoa wengi mwaka ule. Tulipewa hela wote siku moja, kila mtu akaenda nayo kivyake.

Kijana wa Soweto:

Dada wa Rungwe, shikamoo. Sasa nimeelewa uzi unasema nini, mwanzo nilidhani ni siasa. Bibi yangu yuko Isongole ana ekari tatu za mahindi na kila mwaka mimi ndiye namtumia hela ya unga Machi. Nikimtumia hela hiyohiyo Julai ya kulipa vibarua na deni, asiuze, si itakuwa kitu kilekile kwangu na yeye abaki na mzigo?

Mama Kikundi Rungwe:

Ndiyo, mdogo wangu. Ila mtumie kabla hajaanza kupukuchua. Dalali akishafika uani na hela taslimu, umechelewa. Na muulize kwanza anadaiwa na nani, maana kama ameshachukua hela ya mtu mahindi yakiwa shambani, huyo mtu atakuja na gari.

Mama Stoo Makambako:

Na isiwe magunia yote. Aache ya kula, aweke ya kuuza kwenye mifuko ile, juu ya mbao, yasiguse ukuta. Yakauke mpaka ukiyamwaga yanalia kama kokoto ndipo afunge. Wenye mzigo unaozidi nafasi ya nyumbani, stoo za kukodi Makambako zinaanza kujaa mapema, wahini kabla ya Julai kuisha. Anayetaka kuelekezwa aje PM, hata kama sio stoo yangu.